Minza, Hapakuwa na Mtoto Tumboni

Nyarugusu, Jumapili jioni

Minza mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana afya. Mimi nimeshindwa kuanzia hapo, maana katika nyumba yetu neno hilo lina habari ndefu. Nianze na mahali nilipo. Nimekaa dukani, mlango nimeurudishia, mzani nimeufunika kitambaa. Nakusikia kule ndani unamcheka mama yako anavyokunja chandarua. Habari za ndoo, godoro, shuka na basi la Morogoro mama yako amezimaliza, sitazirudia.

Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita mama yako aliniambia kwamba kliniki ya mwisho hukwenda. Ulimwambia, "Mama, kila wakinitoa damu naugua upya," ukamwomba asiniambie. Ameniambia. Usimkasirikie, amebeba siri za nyumba hii mpaka mgongo umepinda. Uliponiona mpole mezani siku zile ukadhani sijui. Nilikuwa najua, natafuta namna ya kusema nawe bila kukuamuru. Na kuamuru, wajua, ndiyo lugha iliyonilisha. Nilitoka Kharumwa na darasa la saba, nikaanza kwa kuchekecha mchanga uliokwisha kuoshwa na wenzangu, nikipata dhahabu ya kujaza kucha. Hakuna aliyenishika mkono. Mtu aliyepanda hivyo huzoea kuamini kwamba anachokiona yeye ndicho kilichopo.

Kesho unaondoka kwenda kujifunza kupima ardhi. Uvimbe ule unaweza kurudi, kama daktari alivyotuambia, na ukirudi, kuonekana mapema ndiko kupona. Hilo ndilo linalonikosesha raha. Lakini sina haki ya kukuambia "nenda kliniki" kabla sijakuambia, kwa kinywa changu, mambo niliyofanya ulipokuwa kidato cha pili. Umeyasikia vipandevipande kwa mama yako na kwa majirani. Leo yasikie kwa mwenyewe.

Shule iliponiita nilidhani ni ada. Nikamkuta mkuu wa shule na nesi wa zahanati, na juu ya meza kijiti cha kupimia mkojo kimelazwa kwenye kipande cha karatasi. Walikuwa wamewapima wasichana wote baada ya likizo. Mkuu akasema, "Baba Minza, angalia mwenyewe." Nikaona mistari miwili. Wewe ulikuwa nje, umekaa juu ya tranka lako, sketi imekubana kiunoni. Ukainuka ukaniamkia, "Shikamoo baba." Sikuitikia. Ukasema, "Baba, mimi sijawahi." Nami nikakujibu, "Kipimo hakina ugomvi na wewe."

Neno hilo nimelala nalo miaka yote hii.

Unajua ninavyonunua dhahabu. Mchimbaji akija na kipande chake, rangi siitazami, maana rangi imewafilisi wengi hapa Nyarugusu. Napima kikiwa kikavu, nakitumbukiza kwenye maji napima tena, napiga hesabu, ndipo nataja bei. Akiwa rafiki yangu, napima mara mbili. Akiwa shemeji yangu, mara tatu. Lakini mwanangu nilimpokea kwa kipimo kimoja, kilichopimwa na mtu nisiyemjua, wala sikuomba kirudiwe.

Tulirudi kwa pikipiki. Uliogopa kunishika, ukashika keria. Kwenye makorongo ukawa unanigonga mgongoni kwa tumbo, nalo lilikuwa gumu kama kibuyu. Nikajisemea, basi, ushahidi huu hapa. Hukulalamika njia nzima. Baadaye ulimwambia mama yako kwamba kila shimo lilikuwa linakukata upande wa kulia kama kisu.

Nyumbani nikataka jina. Hukuwa na jina la kunipa. Mtu mmoja akasema amewahi kukuona kisimani na Shija, mtoto wa Maganga, anakusaidia kujitwisha ndoo. Hilo likanitosha. Unazijua desturi zetu sisi Wasukuma: binti akipewa mimba nyumbani kwa baba yake, ng'ombe hutoka upande wa kijana. Nikachukua wazee watatu tukaenda kwa Maganga.

Maganga alitukaribisha kwa heshima mpaka aliposikia neno lililotuleta. Akacheka kidogo. "Baba Minza, wewe unapima dhahabu ya watu mpaka vumbi. Maneno ya kisimani hujayapima?"

Nikamwambia, "Mwite kijana."

Shija akaja, mikono nyuma. Akatuamkia wote, mmoja mmoja. Mzee mmoja akamuuliza kama anakujua. Akasema, "Namjua, tulisoma wote msingi. Sijamgusa."

"Na tumbo limetoka wapi?"

"Mzee, mimi nitajuaje? Mimi nilimtwisha ndoo."

Watu wakacheka, hata wazee wangu. Kucheka kule ndiko kulikonitia hasira. Nikasema sitaondoka bila ng'ombe. Tulikwenda tukarudi, tukakaa tukavunja kikao, tukaitana tena. Nilitaka kumi, yeye akatoa watatu, tukafunga watano. Wiki tatu, Minza. Wiki tatu nikijadili pembe na mikia, nawe umelala kwenye chumba cha nyuma unakula vijiko viwili unatapika. Kabla ng'ombe hawajahesabiwa, Shija alikuwa amekwishatoroka kwao kwa aibu.

Mama yako alianza kuona mapema. Jioni moja aliniambia, "Baba Minza, mtoto huyu amekosa siku zake miezi miwili. Tumbo hili ni la miezi sita. Mimba gani inakimbia hivi? Nimezaa wanne, najua." Mimi, mtu wa hesabu, nilipaswa kusimama hapohapo. Miwili na sita hazikutani. Unajua nilimjibu nini? Nilisema, "Labda ni Kulwa na Doto." Nikaona nimesema jambo la maana. Moyoni nikaanza kuhesabu kama kwa mapacha naweza kuongeza ng'ombe wa sita.

Na kuna hesabu nyingine chafu zaidi, nayo nitaisema, kwa kuwa sitapata jioni nyingine kama hii. Tangu ukiwa mdogo watu walikuwa wakisema una weupe wa bibi yako, nami nilikuwa nauweka weupe ule kwenye hesabu. Hapa kwetu binti mweupe hutolewa ng'ombe wengi, hilo si siri. Nilikuwa nimekwisha kukadiria idadi. Niliposikia mimba, maumivu yangu ya kwanza yalikuwa ya mfanyabiashara aliyeharibikiwa mali. Ya mzazi yalikuja baadaye, na yalichelewa.

Alfajiri ile ulipojikunja sakafuni unashindwa hata kulia, mama yako hakuniomba ruhusa. Alichukua gari la jirani, akakupakia, mimi nikaingia nyuma kama abiria. Hospitali ya Geita wakakupaka ile rojorojo tumboni, wakakupiga altrasaundi. Kijana aliyekuwa akipima aliisogeza mashine huku na huku, akarudia. Kisha akauliza, "Mzee, nani aliwaambia binti ana mimba?"

Nikasema, "Kipimo."

Akasema, "Mfuko wa uzazi ni mtupu. Hapa hapana mtoto. Kuna uvimbe mkubwa, umetokea upande wa kulia, kwenye ovari, pale panapokaa mayai."

Wewe ulikuwa umelala unatazama dari. Hukunitazama. Ningeomba ulie au unitukane, lakini ulisema tu, taratibu, "Nilisema."

Nisikufiche lililofuata, maana nalo lina kosa langu ndani. Tulikutana na daktari mmoja mwenye haraka, akasema uvimbe ukiwa mkubwa namna ile ni kutoa kila kitu, kizazi na ovari zote mbili, yaishe. Akasogeza fomu. Nikashika kalamu. Nilikuwa nimechoka na nilitaka mtu aliyesoma aniamulie. Mama yako akaweka kiganja juu ya karatasi. "Bado miaka kumi na tano huyu," akasema. "Tusikate kabla hatujauliza." Ndivyo tulivyofika Mwanza, kwenye hospitali ya rufaa.

Kule tulimkuta yule mama daktari mfupi, mwenye sauti ya mwalimu. Alitoa damu yako kabla ya kusema lolote, na majibu yalipotoka akavuta kiti akakaa karibu nasi. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu yalikuwa ya hesabu. Alisema uvimbe huu ni saratani iliyotokana na seli zilezile zinazotengeneza mayai, kwamba huwapata zaidi wasichana na wanawake vijana, na hukua upesi. Alisema baadhi yake hutoa homoni ileile inayotolewa na mimba. "Kile kijiti hakikudanganya, baba. Kiliona homoni. Kijiti hakina macho ya kuona imetoka wapi." Akaeleza kwamba damu yako ina namba tatu za kufuatilia: hiyo ya homoni, nyingine ya protini inayopatikana kwa watoto walio tumboni, na ya tatu inayopanda seli zinapokua kwa kasi. Zote tatu zilikuwa juu. Alisema tukishatoa uvimbe, namba hizo zinapaswa kushuka, na zisiposhuka zitatuambia mapema kuliko macho.

Nikauliza swali langu. Katika maswali yote ya duniani, nikauliza, "Atazaa?"

Akanijibu, "Baba, uliza kwanza kama atapona."

Akakugeukia wewe. "Minza, wewe una swali gani?"

Ukasema, "Nitaweza kurudi shule?"

Sijawahi kuona aibu kama ile, wala siku nilipokamatwa kwa wizi wa mchanga nikiwa kijana. Mimi nilikuwa nawaza ng'ombe wa kesho, mama yako anawaza roho yako, nawe ulikuwa unawaza darasa. Daktari akatujibu kwa mpangilio. Alisema aina hii ya uvimbe, kwa wengi wa umri wako, husikia dawa vizuri hata ukiwa umesambaa. Alisema kwa hiyo hakuna haja ya kufyeka kila kitu: wangetoa ovari iliyougua na mrija wake, nzimanzima bila kuipasua ili isimwagike, wangekagua tumbo lote, na upande wa kushoto ukiwa salama wangeuacha pamoja na kizazi. Kisha akasema, "Shule utarudi." Alilisema hilo akikutazama wewe.

Walipasua. Upande wa kushoto ulikuwa salama. Lakini maji waliyoyachota tumboni yalikutwa na zile seli, kwa hiyo ikabidi dawa za dripu. Nikamfuata daktari kwenye korido. Nikamuuliza, kama ningekuleta wiki tatu mapema, maji yale yangekuwa safi? Akasema, "Sijui. Siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana." Mimi maisha yangu yote nimeishi kwa kupata jibu kwenye mzani. Hilo sikupata, na sitalipata. Nimeacha kulitafuta. Nimekubali kulibeba likiwa hivyo, bila namba.

Dawa unazijua wewe kuliko mimi. Mizunguko mitatu. Nywele zilibaki kwenye mto. Ulisema masikioni kuna karasha linasaga mawe, nikacheka, kumbe ni dawa kweli inagusa masikio. Ulikataa ugali, ukakataa soda, ukasema kila kitu kina ladha ya msumari. Ila namba zilishuka, mzunguko kwa mzunguko, mpaka daktari akasema sasa ni kama za mtu yeyote. Mama yako akapiga magoti pale kwenye sakafu ya kliniki. Mimi nilitoka nje, nikasimama kwenye bomba la maji kama mtu anayesubiri ndoo ijae, na sikuwa na ndoo.

Tuliporudi nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilikwenda shuleni na majibu ya hospitali. Mkuu akayasoma, akayarudisha, akasema, "Sisi tulifuata kipimo." Sikusikia pole wala samahani. Nikamwambia atangaze mstarini asubuhi, mbele ya wanafunzi walewale waliokuona unatoka na tranka. Akasema mambo ya afya ni siri ya mwanafunzi. Siri aliikumbuka siku hiyo. Ndiyo maana nilikuhamisha, ukarudia kidato kwingine. Mtu yule sijamsamehe, na sikuombi umsamehe. Wapo wanaosema kinyongo kinamla mwenyewe. Changu hakijanila, kinanifanya niulize maswali.

La pili, niliwaswaga ng'ombe watano kuwarudisha kwa Maganga, na ndama mmoja aliyezaliwa kwangu. Maganga hakufungua lango. Tuliongea yeye ndani ya boma, mimi nje.

"Naona na ndama," akasema. "Ndiyo riba?"

"Amezaliwa na ng'ombe wako. Ni wako."

"Haya. Ng'ombe nimewaona, wote wamerudi. Kijana wangu naye yuko nyuma anakuja?"

Shija alikuwa Nkome, anaanika dagaa za watu. Nilimfuata huko. Aliniamkia kama alivyoniamkia siku ile, akaendelea kugeuza dagaa zake juani. Nikamwambia nimekosa, nipo tayari kumlipia arudi shule. Akauliza, "Minza alipona?" Nikasema alipona. Akasema, "Basi vizuri, baba. Shule hapana, nimeshaoa." Kisha akanipisha njia, kwa kuwa nilikuwa nimekanyaga neti yake.

Hivyo, mwanangu, kosa langu halikuishia kwako, lilimkuta na mwingine, na lipo kwake mpaka leo. Sikuambii haya ili unihurumie. Nataka ujue kwamba mtu anaweza kurudisha kila alichochukua, bado akadaiwa.

Sasa nije kwako. Sijui inavyokuwa kukaa kwenye benchi la kliniki na kusubiri namba. Nilidhani najua kwa sababu nilikaa pembeni, lakini aliyekaa pembeni hakuchomwa. Ulivyosema kwamba kila wakikutoa damu unaugua upya, nimekuelewa. Wiki ile kabla ya majibu nimekuona ukipunguza maneno na kula pole pole. Ningekuwa wewe ningekimbia mapema zaidi.

Ninachokijua ni hiki tu. Uvimbe ule ulipokuwa unakua, mtu wa kwanza kujua alikuwa wewe. Ulijua kabla ya nesi na kabla ya mama yako. Tulikuwa na kijiti, na mkuu wa shule, na wazee watatu, na mtu mwenye mzani, sote tukakosea. Ukweli ulikuwa kwako, na hapakuwa na namba ya kukusaidia kututhibitishia. Kule kliniki damu yako inasema upande wako. Damu ile ni shahidi wako mwenyewe, ambaye hakuna baba wala mkuu wa shule anayeweza kumnyamazisha. Mimi ndivyo ninavyoiona. Wewe unaweza kuiona vingine.

Nilimpigia daktari. Amesema damu unaweza kutolewa huko huko Morogoro, na sasa ni mara chache kwa mwaka, siyo kama zamani. Amesema siku yoyote ukipasuliwa kwa jambo lolote, hata kidole, uwaambie wale wa dawa ya usingizi kwamba uliwahi kupewa dawa za dripu za saratani, maana moja yake hugusa mapafu na wao wanapaswa kujua kabla ya kukupa hewa ya mashine. Na akasema siku ukiona mistari miwili, usimruhusu mtu akuambie ni furaha tu au ni balaa tu. Uombe picha na damu, vyote viwili. Ovari moja inatosha, amesema, huenda ukazaa ukitaka. Nimekuandikia hilo kwa sababu ni lako kulijua. Siku akija mtu kukuposa, uamuzi wa kumwambia au kutomwambia ni wako, na mimi sitataja idadi ya ng'ombe. Wajomba zako wakitaja, wataje wenyewe.

Daktari aliniuliza amwandikie nani tarehe ya kliniki ijayo, mimi au wewe. Nikamwambia akuandikie wewe. Basi tarehe ataituma kwenye simu yako, kwangu haitakuja. Sitampigia mlezi wa hosteli, sitamtuma mtu wa Morogoro akuchungulie, wala sitamhoji mama yako pembeni. Mwezi huo ukiisha nitakupigia mimi mwenyewe, nikuulize mara moja kama ulikwenda. Ukisema ndiyo, nitaamini. Ukisema hapana, nitaamini vilevile, nitakuuliza kama unataka nije tukae wote kwenye benchi, na utakavyojibu ndivyo itakavyokuwa.

Ng'wana wane, mwanangu, uliniambia ukweli mara moja, umekaa juu ya tranka, na sikukusikia. Sema tena lolote. Nipo.

Baba yako,
Masele